Je, Wajua? Kadi ya Dola 200, Miwani ya Uhalisia Pepe na Betri ya Basoko

Je, wajua kwamba kadi ya picha ina milisekunde 11 tu?

Miwani ya uhalisia pepe ya Oculus Rift ilianza kuuzwa tarehe 28 Machi 2016, na HTC Vive ikaifuata mwezi wa Aprili. Miwani zote mbili zilionyesha picha 90 kila sekunde. Gawa sekunde moja kwa 90, unapata milisekunde 11 na kidogo. Ndani ya muda huo kompyuta inatakiwa ijue kichwa cha mchezaji kimeelekea wapi, ichore ulimwengu wa gemu mara mbili, kwa jicho la kushoto na kwa jicho la kulia, kisha ifikishe picha hizo kwenye vioo vilivyo mbele ya macho. Halafu ianze upya.

Kazi ya kuchora ni ya kadi ya picha. Kwenye televisheni, kadi ikizidiwa, gemu hukwama kidogo na mchezaji akanung'unika. Ndani ya miwani ni mwili wenyewe unaokataa: sikio la ndani linasema kichwa kimegeuka, macho yanasema bado, na kinachofuata ni kizunguzungu na kichefuchefu. Kwa hiyo watengenezaji walijiwekea kikomo kwamba tangu kichwa kisogee mpaka picha ibadilike zisipite milisekunde 20.

Vioo vya Rift vilikuwa na nukta 2,160 kwa 1,200. Ukizichora mara 90 kila sekunde unapata nukta milioni 233. Televisheni ya 1080p yenye picha 60 kwa sekunde inahitaji milioni 124. Tena lenzi za miwani hupinda picha, hivyo kompyuta huichora kubwa zaidi kwanza ili isipoteze ukali wake, na Oculus wenyewe walikadiria kazi halisi kuwa nukta kama milioni 400 kila sekunde. Kijana wa Kisangani anayehesabu dola zake na kuuliza kama kadi ya bei ndogo itamtosha anauliza swali zito, na jibu lake halipatikani kwa kutazama bei peke yake.

Je, wajua kwamba kadi iliyofungua mlango wa uhalisia pepe iliuzwa dola 199?

Rift ilipotoka, Oculus walipendekeza kadi ya GTX 970 au R9 290. GTX 970 ilikuwa imeingia sokoni mwaka 2014 kwa dola 329. Miwani yenyewe ilikuwa dola 599, na ile ya Vive dola 799. Ukiongeza kompyuta nzima, hesabu ilikuwa ya mtu mwenye mshahara mnono Ulaya, si ya fundi wa simu wa mjini kwetu.

Mwaka huohuo, tarehe 29 Juni, kampuni ya AMD ikaleta RX 480 kwa dola 199, ikiwa na memori ya gigabaiti 4. AMD waliitangaza waziwazi kama kadi ya kuwafikishia watu wa kawaida uhalisia pepe, na walitimiza: gemu za wakati ule zilienda vizuri. Lakini siku za mwanzo palitokea tatizo ambalo mwenye kompyuta ya zamani anapaswa kulijua. Tundu ambalo kadi huchomekwa kwenye ubao mkuu limepangiwa kutoa wati 75. Wapimaji waligundua kwamba RX 480 inavuta zaidi ya hizo kupitia tundu hilo, na AMD wakalazimika kutoa programu ya marekebisho mwezi wa Julai. Ukinunua kadi hiyo mtumba leo, weka programu mpya kabla hujacheza.

GTX 970 nayo ina historia yake. Ilitangazwa kuwa na memori ya gigabaiti 4, ila nusu gigabaiti ya mwisho ilikuwa ya mwendo wa pole kiasi kwamba gemu ikiifikia inaanza kukwama. Wanunuzi wa Marekani waliishtaki Nvidia, watengenezaji wake, na mwaka 2016 kampuni ikakubali kuwalipa dola 30 kwa kila kadi. Memori ina maana kubwa kwenye miwani. Half-Life: Alyx, gemu ya Machi 2020 ambayo wengi bado wanaiona kuwa kilele cha uhalisia pepe, inataka GTX 1060 au RX 580 yenye gigabaiti 6 za memori. GTX 1060 iliuzwa pia kwa gigabaiti 3, na ile ya 3 ilipunguzwa hata viini vya kuchorea: 1,152 badala ya 1,280. Jina ni moja, kadi ni mbili.

Je, wajua kwamba kadi mpya inaweza kushindwa na kadi ya zamani?

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea, kwa hiyo tukae kidogo.

Miwani za zamani kama Rift, Vive na Valve Index hupokea picha moja kwa moja kwa waya wa skrini. Kadi inachora, waya unabeba. Miwani za Quest, ambazo ndizo nyingi zaidi siku hizi, zinafanya kazi kwa njia nyingine. Ukitaka kucheza gemu ya kompyuta kwenye Quest, kadi huchora picha, kisha huibana kuwa video, huituma kwa waya wa USB au kwa Wi-Fi, na miwani huifumua. Kubana huko hufanywa na sehemu maalumu ndani ya kadi, inayoitwa enkoda.

Januari 2022 AMD walileta RX 6500 XT kwa dola 199, bei ileile ya RX 480 miaka sita kabla. Baadaye ikaja ndugu yake mdogo, RX 6400, inayotumia wati 53 tu na isiyohitaji waya wa ziada wa umeme. Kwa mtu anayeishi kwa paneli za jua, RX 6400 inavutia sana. Ila kadi zote mbili zimetengenezwa kwa chipu ambayo awali ilikusudiwa kompyuta za mkononi, na katika kupunguza gharama waliiondoa enkoda. Ukiichomeka Quest hapo, hakuna wa kubana video. RX 480 ya mwaka 2016, iliyochakaa na kujaa vumbi, inayo enkoda.

GTX 1650 ya Nvidia, iliyotoka Aprili 2019 kwa dola 149, ni mfano mwingine. Inatumia wati 75, ilienea dunia nzima, na kwa muda ilikuwa kadi iliyotumiwa na wachezaji wengi kuliko zote katika takwimu za Steam, duka la gemu za kompyuta. Lakini Meta, wenye Quest, waliiacha nje ya orodha ya kadi zilizokubalika kwa kuunganisha kwa waya, huku GTX 1650 Super ikikubaliwa. Neno moja tu, Super, ndilo lililoamua.

Na Intel? Desemba 2024 walitoa Arc B580 yenye gigabaiti 12 kwa dola 249. Kwa gemu za skrini ni kadi nzuri mno kwa pesa hiyo, na wakosoaji waliisifu kwa haki. Kwa miwani Intel hawajaiidhinisha rasmi. Mwenye nia ya uhalisia pepe apite mbali.

Microsoft nao walijaribu kuishusha ngazi kabisa. Oktoba 2017 walizindua Windows Mixed Reality, na miwani za Acer, Lenovo, HP, Dell na Samsung zikaingia madukani. Ngazi yake ya chini ilikubali hata picha 60 kwa sekunde kutoka Intel HD 620, yaani kompyuta isiyo na kadi ya picha ya peke yake. Hakuna mlango uliokuwa mpana kuliko huo. Mwaka 2024, toleo la 24H2 la Windows 11 likauondoa mfumo huo mzima. Miwani hizo bado zinazunguka sokoni kwa bei ya kutupa, na sababu ya bei ni hiyo.

Je, wajua kwamba mgodi wa Masisi umo ndani ya kadi hizi?

Kando ya chipu ya kadi ya picha kuna vipande vidogo vinavyotuliza umeme, kapasita. Baadhi yake hutengenezwa kwa tantali, na tantali hutoka kwenye koltani. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa duniani, na migodi ya Rubaya, Masisi, Kivu Kaskazini, inakadiriwa peke yake kutoa kama asilimia 15 ya tantali ya dunia. Waasi wa M23 waliikamata Rubaya mwaka 2024.

Uhusiano huu ni wa zamani kuliko miwani. Mwishoni mwa mwaka 2000 bei ya tantali ilipanda kwa kishindo kwa sababu ya mahitaji ya simu na mitambo ya gemu, kisha ikaporomoka mwaka uliofuata. Wakati ule mashariki ya Kongo ilikuwa vitani, na Kisangani ilikuwa imetoka kupigwa mabomu mwezi wa Juni katika vita vya siku sita baina ya majeshi ya Rwanda na Uganda, majeshi ya kigeni yakigombania mji wa watu wengine. Madini yanapotoka ardhini Masisi huuzwa kwa kilo; yanaporudi Kisangani ndani ya boksi lenye picha ya joka na taa za rangi, tunauziwa kwa mamia ya dola. Naliandika hili kwa sababu mazungumzo ya bei nafuu yanayoruka hesabu hiyo hayajakamilika.

Mtumba uliofurika, na bandia zake

Tarehe 15 Septemba 2022 sarafu ya kidijitali ya Ethereum ilibadili mfumo wake, na siku hiyo kuchimba Ethereum kwa kadi za picha kukafa. Kadi nyingi mno zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana zikamwagwa sokoni.  Kadi iliyochimba sarafu si lazima iwe imeharibika. Chipu yenyewe huvumilia, kinachochoka ni feni na ile dawa ya kupitisha joto.

Kwa hiyo ukishikiwa kadi mkononi, itazame hivi. Zungusha feni kwa kidole: izunguke laini, isiyumbe wala kukwaruza. Geuza mgongo uone skrubu, kama vichwa vyake vimekwaruzwa, kuna aliyeifungua. Angalia mafuta yaliyochuruzika kando ya vipande vya memori, hayo hutoka kwenye vibandiko vya joto vilivyopikwa muda mrefu. Tazama meno ya dhahabu ya kuchomekea. Katika hali ya hewa ya jimbo letu la Tshopo, unyevu wa mwaka mzima, madoa ya kijani hapo ni kutu ya shaba.

Kisha ichomeke na ufungue programu ya bure iitwayo GPU-Z. Kuna wahuni wanaochukua kadi ya mwaka 2011, GTX 550 Ti, wakaibadilisha programu ya ndani ili ijitambulishe kama GTX 1050 Ti au GTX 1060. Windows inaamini. Mnunuzi anaamini. Gemu ndiyo haiamini. Tangu Oktoba 2018 GPU-Z inatambua kadi nyingi za Nvidia zilizoghushiwa na kuandika neno la kuonya mbele ya jina. Ipo pia RX 580 yenye alama ya 2048SP, iliyotengenezwa kwa soko la China. Si bandia, ila ndani yake ni RX 570. RX 580 kamili ina viini 2,304.

Je, wajua kwamba Basoko, kadi bora inaweza kuwa kutokuwa na kadi?

Basoko iko pale mto Aruwimi unapoungana na Kongo, zaidi ya kilomita 200 chini ya Kisangani kwa njia ya maji. Bidhaa hufika kwa mitumbwi na kwa zile boti za mbao ziitwazo baleniere, pamoja na chumvi, sabuni na mafuta. Kisangani ina bwawa la Tshopo, mitambo iliyozeeka ya SNEL, shirika la umeme la taifa, ambayo uwezo wake wote hauzidi megawati 20 kwa mji mkubwa unaokua kila mwaka. Kuran, yaani umeme, inakuja na kuondoka, lakini ipo. Basoko mtu hutegemea paneli yake au jenereta.

Tufanye hesabu kama mwenye betri anavyoifanya. Kadi ya RX 6600, ambayo kwa maoni yangu ni miongoni mwa kadi zenye thamani nzuri kuliko zote mtumba, hutumia hadi wati 132. Weka kichakataji, ubao, diski na skrini, kompyuta nzima inafika kama wati 250 gemu ikiendelea. Saa mbili za mchezo ni watisaa 500. Betri ya asidi ya volti 12 na ampeasaa 100 ina watisaa 1,200 kwenye karatasi, lakini ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara unaiua, kwa hiyo zinazotumika ni 600. Inveta nayo inakula sehemu yake. Saa mbili za gemu zimemaliza betri ya nyumba. Paneli ya wati 100, jua likiwa zuri, inarudisha watisaa kama 400 kwa siku. Taa za watoto wa shule bado hazijahesabiwa.

Sasa Quest 2. Miwani hii, iliyotoka Oktoba 2020 kwa dola 299, ina kompyuta yake ndani, chipu ya simu iitwayo Snapdragon XR2. Betri yake ina watisaa 14. Kumi na nne. Inacheza saa mbili hadi tatu. Hata ukihesabu umeme unaopotea wakati wa kuchaji, ni kama watisaa 20, mara ishirini na tano pungufu ya kompyuta yenye kadi. Paneli ileile inaichaji, na taa zinawaka, na simu ya jirani inajaa.

Hakuna anayesema picha zake ni sawa. Half-Life: Alyx haichezeki ndani ya Quest peke yake. Majani ya msitu yatakuwa machache na vivuli vitakuwa hafifu. Lakini gemu ya Beat Saber inaenda bila kukwama, na Gorilla Tag pia, ile gemu ya sokwe wasio na miguu wanaokwenda kwa mikono, ambayo mwaka 2024 walioitengeneza walitangaza imeingiza zaidi ya dola milioni 100. Michoro yake ni ya hali ya chini kabisa, na mamilioni ya watoto wanaipenda. Kama kuna ushahidi kwamba raha ya uhalisia pepe haifungamani na bei ya kadi, ni huo. Na sokwe wa Grauer, mkubwa kuliko sokwe wote, haishi popote duniani ila mashariki ya Kongo. Siku moja gemu ya namna hiyo iandikwe na mtoto wa huku.

Kikwazo cha Quest ni intaneti, kwa sababu huwezi kuianzisha bila akaunti na gemu hupakuliwa. Serikali ya Kongo iliipa Starlink, huduma ya intaneti ya setilaiti, leseni Mei 2025 baada ya kuipiga marufuku mwaka mmoja kabla, na kwa miji ya mtoni hiyo ni habari kubwa kuliko kadi yoyote. Kisangani hesabu inageuka: palipo na kuran ya kutosha na kifaa cha kutuliza umeme, RTX 3060 mtumba yenye gigabaiti 12 au RX 6600 inastahili pesa yake. Nvidia ina enkoda nzuri zaidi kwa Quest, AMD hupatikana kwa bei ya chini. Kadi yoyote yenye gigabaiti 4, hata kwa nusu ya bei, ni hasara kwa kazi hii. Vioo vya Quest 3 vina nukta milioni 9.1 ukijumlisha macho yote mawili, mara tatu na nusu ya vile vya Rift, na ingawa unaweza kupunguza ukali wa picha, memori ikijaa hakuna kitufe cha kuiongeza.

Je, wajua kwamba video ya digrii 360 haihitaji kadi kabisa?

Gemu huchorwa upya kila mara unapogeuka. Video ya digrii 360 imeshapigwa, kifaa kinaifumua tu na kukuonyesha upande unaoutazama. Simu inaweza. Mwaka 2014 Google walitoa Cardboard, boksi la karatasi ngumu lenye lenzi mbili, na Novemba 2015 gazeti la New York Times likawagawia wasomaji wake zaidi ya milioni moja ili watazame filamu kuhusu watoto waliohamishwa na vita, mmoja wao mvulana wa Sudan Kusini. Nairobi nao hawakusubiri: mwaka 2017 kikundi cha The Nest Collective kilitoa Let This Be a Warning, hadithi ya Waafrika waliohamia sayari nyingine, na mtengeneza filamu Ng'endo Mukii akatoa Nairobi Berries.

Mwalimu wa Basoko mwenye simu moja na boksi la karatasi anaweza kulionyesha darasa zima kazi hizo, mwanafunzi mmoja baada ya mwingine. Aangalie jambo moja tu kabla ya kununua simu: nyingi za bei ya chini hazina jairoskopu, kile kipimo kinachohisi simu inapogeuzwa. Bila hicho, mwanafunzi anageuza kichwa na picha inabaki palepale. Kuna programu ndogo za bure zinazoorodhesha vipimo vilivyomo ndani ya simu, na mwenye duka akikubali, unaifungua moja papo hapo kaunta kabla pesa haijatoka mfukoni.